Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: vile tunaongeleshana kazini, na mambo ya Mzazi, Mtu Mzima na Mtoto

Huu uchanganuzi wa miamala ni kitu gani hasa?

Ni njia ya kuangalia vile watu wawili wanaongeleshana. Neno linatoka kwa huyu, jibu linatoka kwa yule, na hiyo kwenda na kurudi ndio inaitwa muamala. Siku hizi ukitaja muamala mtu wa Nairobi anafikiria pesa imetoka kwa simu yake ikaingia kwa simu nyingine, lakini hilo neno ni la zamani kuliko simu, wazee wakisema mtu ana muamala mzuri walimaanisha anajua kuishi na watu. Kwa hivyo hapa mimi naona neno limerudi nyumbani.

Aliyeanzisha hii njia ni Eric Berne, daktari wa akili aliyezaliwa Montreal, Kanada, mwaka 1910, akaenda kufanya kazi Marekani. Alisomea miaka mingi njia ya Freud, ile ya kutibu akili kwa kumskiza mgonjwa akiongea, alafu mwaka 1956 taasisi ya wataalamu wa njia hiyo kule San Francisco ikakataa kumpa uanachama, na hapo ndio akashika njia yake mwenyewe kabisa. Alitaka lugha ambayo mgonjwa anaelewa bila kwenda chuo. Kitabu chake cha 1964 kuhusu michezo ambayo watu wanachezeana kiliuzwa sana, na yeye akafariki 1970. Ilianza kama matibabu, maofisi walikuja kuichukua baadaye wakaona inafaa hata pale ambapo hakuna mgonjwa.

Mzazi, Mtu Mzima, Mtoto: ni vyeo ama?

Hapana, wala sio umri. Berne alisema kila mmoja wetu anabeba hizi hali tatu ndani yake, na wakati wowote unaongea kutoka kwa mojawapo. Mimi napenda kuziita viti, juu ni rahisi kujiuliza nimekaa kiti gani saa hii.

Kiti cha Mzazi ni yale yote uliyoyaskia kwa wakubwa ukiwa mdogo, mama, baba, mwalimu, shosho, na ukayameza vile yalivyo. Kina sura mbili. Kuna Mzazi wa kukosoa, "mara ngapi nimekwambia?", na kuna Mzazi wa kulea, "umekula lakini?" Kiti cha Mtoto ni zile hisia na njia za kujikinga ulizokuwa nazo wakati huo, kucheka, kudeka, kununa, kukubali kila kitu huku roho inachemka. Kiti cha Mtu Mzima kinaangalia kitu kilicho mbele yako leo: shida ni gani, tuko na nini, saa ngapi inahitajika.

Neno "mtu mzima" linatuchanganya kidogo kwa Kiswahili juu kwetu mtu mzima ni mtu wa kuheshimiwa kwa miaka yake. Hapa sivyo. Kijana wa atachimenti ako na miaka 21 anaweza kuwa amekaa kiti cha Mtu Mzima kwa mkutano mzima, na mkurugenzi wa miaka 58 amekasirika kitoto juu ameketishwa karibu na mlango.

Na hakuna kiti kibaya. Mtu ambaye hana Mtoto ndani yake hawezi kucheka na nyinyi saa nne wakati wa chai, na asiye na Mzazi hatashtuka akiona mtu amepanda juu ya rafu bila ngazi. Shida ni kukwama kwa kimoja.

Mbona bosi akiniuliza kitu kidogo najiskia niko darasa la nne?

Hili ndio swali naulizwa sana, na nitalijibu kwa kirefu juu lilinipata mimi mwenyewe.

Nilikuwa karani wa kutoa mizigo kwa godauni moja huko Industrial Area. Asubuhi moja supavaiza akakuja akasimama karibu na meza yangu, mimi nimekaa, yeye amesimama, kalamu ya biki bila kifuniko mkononi, anagonga gonga pembe ya meza. Akauliza, "Delivari ya lori ya Nakuru iko wapi?" Maneno saba pekee, ukiyaandika kwa karatasi hakuna tusi hata moja. Mimi nikajibu, "Kwani ni mimi pekee nashika makaratasi hapa?"

Akanyamaza. Ile delivari, karatasi ya mzigo, ilikuwa kwa klipubodi, chini ya thamosi ya chai, futi mbili kutoka kwa mkono wangu. Akaiona, akainua thamosi, akatoa karatasi, akarudisha thamosi pole pole pale pale ilipokuwa, akaenda. Wiki tatu hakuniongelesha, kila kitu akikitaka kwangu anamtuma mtu.

Sasa angalia vile ilienda. Yeye aliuliza kama Mtu Mzima, na alitarajia Mtu Mzima ajibu, "iko hapa" ama "sina, ulizia kwa geti". Mimi sikumskia yeye, nilisikia ile kalamu. Mwalimu wangu wa darasa la sita alikuwa anagonga dawati hivyo hivyo kabla hajauliza nani hajafanya homuweki. Kwa hivyo Mtoto wangu akaruka akajitetea, kwa mtu ambaye hakuwa amenishtaki. Baadaye nilijua dereva alikuwa ameshafika geti, injini inanguruma, soja amekataa kufungua bila karatasi.

Berne aliita huu muamala uliopishana. Kanuni yake ni kwamba miamala ikilingana, mazungumzo yanaweza kuendelea hata kutwa, na ikipishana, mazungumzo yanakatika hapo mpaka mmoja ahame kiti. Na kulingana haimaanishi iko sawa, zingatia hapo. Bosi anafoka, wewe unaomba msamaha, kesho anafoka tena, unaomba tena, hiyo ni Mzazi na Mtoto wamelingana kabisa na inaweza kwenda miaka kumi bila kukatika, na hakuna kazi inarekebishwa.

Nitajuaje niko kiti gani?

Skiza mwili kwanza. Kama mabega yamepanda, sauti imekuwa nyembamba ama unatafuta maneno ya kujitetea kabla mwenzako amalize, hapo ni Mtoto. Kama kidole kimenyooka na sentensi inaanza na "nyinyi kila siku" ama "mtu wa akili timamu hawezi", hapo ni Mzazi. Mtu Mzima mara nyingi anauliza swali ambalo hajui jibu lake. Hiyo ndio alama naiamini zaidi. "Kwa nini umechelewa?" likiulizwa na mtu ambaye tayari ameamua wewe ni mvivu, hilo si swali.

Kuna watu wanaongea vizuri kabisa lakini unatoka hapo umeumia. Hiyo nayo ni nini?

Hiyo ni miamala ya kufichana, maneno juu na ujumbe mwingine chini. "Naona leo umefika mapema." Kwa maneno ni habari, chini yake ni kiboko. Ama bosi anasema saa kumi na moja na nusu jioni, "mwenye anataka kuenda nyumbani aende tu." Wote wanabaki. Berne alisema matokeo yanaamuliwa na ule ujumbe wa chini, na ukiangalia hiyo ofisi saa moja usiku taa zinawaka utakubali.

Kiswahili kimejaa mafumbo na sisi tumelelewa nayo, kwa hivyo tunayapokea haraka sana. Dawa yake ni kujibu maneno ya juu peke yake, kwa upole, kama vile hukuona ya chini. "Eeh leo barabara ilikuwa nzuri." Mwenzako akitaka kusema ya chini ayaseme wazi, na akiyasema wazi hapo mnaweza kuongea.

Nikiongea na mkubwa wangu kama Mtu Mzima si ataniona sina heshima?

Hapa ndio watu wengi wanaogopa na ninawaelewa. Wengi wetu tumekuzwa kwamba mkubwa akiongea unaangalia chini. Ukimwambia mtu wa hivyo "ongea na bosi kama Mtu Mzima" anadhani umemwambia aite mzee jina lake la kwanza na amkatize akiongea.

Heshima ni vile unamwita, vile unamsalimia, kungoja amalize. Kiti ni kile unachosema baada ya hapo. Unaweza kuweka zote mbili kwa sentensi moja. Mkubwa amekuletea kazi ya tatu ya haraka kwa siku moja, Mtoto atasema "sawa mkubwa" alafu aende kulia chooni ama alale ofisini. Mtoto wa kuasi atasema "mimi si punda". Sasa jaribu hivi: "Sawa mkubwa, nimekuelewa. Niko na malipo ya wasapulaya na ile oda ya jana, mikono ni miwili, moja tu ndio itaisha kufika saa nane. Ungependa nianze na gani?" Hapo umemwita mkubwa, hujakataa kazi, umempa hali ilivyo na umemwachia uamuzi ambao kweli ni wake. Nimeona wakubwa wakali sana wakitulia kwa hilo swali moja, juu hawakuwa wanajua umebeba nini.

Kuna upande mwingine watu hawauliziangi na mimi nautaja bila kuulizwa. Angalia vile wewe unaongelesha anti wa chai na soja wa geti. Unamwita anti, neno la heshima, ni kama umemweka kwa familia, alafu hapo hapo unasema "na hiki kikombe mbona hakijaoshwa, hamsikiangi?" Neno la heshima limebebwa na kiti cha Mzazi wa kukosoa, na yeye ako na miaka ya mama yako. Yule mtu anayelalamika bosi anamchukulia kama mtoto mara nyingi ndio anafanyia huyo mama kitu hicho hicho, na hajui. Mimi nilijua siku mmoja wao aliponiambia, "Madam, hivyo ndio supavaiza alikuongelesha jana, na ulilia." Sijasahau.

Mwenzangu anaomba ushauri kila siku lakini kila nikimwambia kitu ana sababu.

Huu ni mchezo maarufu kabisa kwa zile Berne alichambua, na kwetu tungeuita "lakini". Anasema jamu ya Mombasa Road inamchelewesha. Unamwambia atoke mapema. Lakini mtoto lazima apelekwe shule. Si jirani ampeleke? Lakini jirani hana maana. Omba kuingia saa tatu basi? Lakini HR hawatakubali. Mkifika hapo wewe umechoka na yeye ameshinda, ameonyesha shida yake haina dawa na hakuna mtu anaweza kumsaidia.

Usitoe ushauri wa tano. Muulize, "Wewe ungependa kufanya nini?" alafu unyamaze kabisa. Kunyamaza ndio kazi ngumu hapo. Saa zingine atasema kitu cha maana na utagundua hakutaka ushauri tangu mwanzo, alitaka mtu amskize dakika mbili aseme "pole, hiyo ni ngumu".

Mimi ndio nasaidia kila mtu ofisini na mwisho nalaumiwa mimi. Nakosea wapi?

Mwaka 1968 Stephen Karpman, aliyekuwa mwanafunzi wa Berne, alichora pembetatu yenye pembe tatu za kuigiza: Mwonevu, Mwonewa na Mwokoaji. Utamu wake ni kwamba watu hawakai pembe moja. Wanazunguka.

Mfano wa kawaida. Mwenzako hajamaliza ripoti, meneja anamkemea mbele ya watu. Wewe unaingilia, unachukua ripoti unaimaliza usiku kwa niaba yake, hakukuomba. Wiki ijayo anakuachia tena. Wiki ya tatu umechoka unamfokea, sasa wewe ndio Mwonevu, yeye anaenda kwa meneja kulia, meneja anakuwa Mwokoaji, na wewe jioni kwa matatu unajiuliza vile umekuwa mbaya na ulikuwa unasaidia.

Kabla ya kuokoa mtu jiulize, ameniomba? Kuna kitu nataka anirudishie bila kusema? Yeye anafanya angalau nusu yake? Ukisaidia mtu aliyeomba, kwa kiasi ambacho hutakinung'unikia kesho, huo ni msaada wa kweli na hauko kwa pembetatu.

Kazi nafanya vizuri, mshahara unaingia, lakini sina moyo tena. Hii njia inasema nini?

Berne alisema binadamu ana njaa ya kutambuliwa, na kila kitendo cha kuonyesha nimekuona akakiita mguso. "Habari ya asubuhi" ni mguso mdogo. "Ile hesabu yako ya jana ilituokoa kwa mkutano" ni mguso mkubwa, juu unataja kitu chenyewe. Na mtu akikosa miguso mizuri atatafuta hata mibaya, kukemewa ni afadhali kuliko kupitwa kama kiti. Mtoto wa nyumbani anavunja kikombe ndio mama ageuke, na mtu mzima wa miaka arobaini anachelewesha ripoti ndio meneja aje kwa dawati lake. Sisemi kila mwenye kuchelewa ako hivyo. Lakini kama wewe ni meneja, jiulize mara ya mwisho ulienda kwa dawati la mtu bila shida ni lini.

Na kama hupewi, omba. Watu wanaona aibu. "Mkubwa, ile ripoti uliionaje?" hiyo ni kuomba, na si vibaya.

Wasap ya kazi inaleta vita. Mnashauri nini?

Wasap inaondoa sauti na uso, msomaji anajaza mwenyewe, na akiwa kwa kiti cha Mtoto atajaza hasira. "Sawa." yenye nukta imevunja urafiki wa watu nawajua. Kosa la mtu usiliandike kwa grupu, mpigie. Ujumbe ukikuchoma, usome tena kwa sauti ya mtu unayempenda kabla ya kujibu. Tiki za bluu si jibu na pia si dharau.

Mwenzetu ni mpole miezi sita, alafu siku moja analipuka juu ya sukari. Kwa nini?

Berne aliita hivi kukusanya stampu. Zamani Marekani maduka yalikuwa yanapea wateja stampu, unabandika kwa kitabu, kikijaa unapeleka unachukua zawadi. Kwetu fikiria pointi za supamaketi. Kila mara umeumia ukanyamaza, umeweka pointi. Kitabu kikijaa unajiona una haki ya kulipuka, na anayelipa ni yule wa mwisho tu, aliyemaliza sukari. Sema ndogo ikiwa ndogo. "Juzi ulipokatiza stori yangu kwa mkutano niliumia" inachukua sekunde kumi.

Bosi anatutusi, na mwingine ananishika shika. Nikae kiti gani?

Hapo usitafute kiti, tafuta sheria. Nakasirika nikiskia mtu anaambiwa aboreshe mawasiliano na mtu anayemdhulumu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 6, inakataza unyanyasaji wa kingono kazini, na mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima awe na sera ya maandishi kuhusu hilo. Kifungu cha 41 kinasema kabla ufutwe kwa makosa ya nidhamu ama utendaji mbovu, lazima uelezwe sababu kwa lugha unayoelewa, ukiwa na mfanyakazi mwenzako ama mwakilishi wa chama cha wafanyakazi unayemchagua wewe, na uskizwe. Kuna mahakama ya ajira na kazi. Andika tarehe, saa, maneno yenyewe, nani alikuwepo. Hiyo kuandika nayo ni kazi ya Mtu Mzima.

Na kama mimi nimebadilika lakini yule mwingine hajabadilika?

Huwezi kumtoa mtu kwa kiti chake. Unaweza kukaa kwa chako, na ukikaa muda wa kutosha bila kupanda wala kushuka, mara nyingi yeye anakosa mtu wa kucheza naye. Inachukua muda kuliko watu wanavyotaka, na kwa wengine haifiki.

Yule supavaiza wangu, baada ya wiki tatu nilienda kwake mimi. Nilingoja saa ya lanchi godauni limetulia, nikavuta kiti nikakaa ndio tuwe urefu mmoja. Nikamwambia, "Mzee, siku ile ya lori ya Nakuru uliniuliza swali la kazi nikakujibu vibaya. Delivari ilikuwa hapa kwangu. Na nikuombe kitu kimoja, ukinihitaji usigonge meza, naskia kama niko shule."

Akaangalia ile kalamu mkononi mwake, nadhani hakuwa anajua anaigonganga. Akaiweka kwa mfuko wa shati. Akasema, "Sikujua. Haya, leta faili ya Eldoret tuangalie."